Sura ya Tano: Tarakimu 48 na Masjala ya Siri

Nyanda za juu za Kigoma zimebeba kumbukumbu nyingi za watu, na nyingi kati ya hizo zimeletwa na dhiki. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewahifadhi Wakongo waliokimbia vita ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Warundi walipoanza kumiminika upya mwaka 2015, kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwezi Oktoba, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata Januari 2016, hadi ilipofungwa mwaka 2021. Kila familia iliyovuka mpaka ilisajiliwa: majina, alama za vidole, picha, mtoto aliyepotezana na mama yake, sababu ya kukimbia, ugonjwa unaotibiwa na dawa zinazomezwa. Weka juu ya hapo rejesta za hospitali, faili za watumishi wa halmashauri na hesabu za vyama vya ushirika. Sehemu kubwa ya taarifa hizo, wakati mmoja au mwingine, hupita kwenye kompyuta mpakato inayobebwa begani, inayosafiri kwenye gari la mradi au kwenye basi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia kwenye kumbukumbu za watu zaidi ya 515,000 duniani, wengi wao wakiwa waliopotezana na ndugu zao kwa vita, uhamaji na maafa. Shambulio lile lilipitia kwenye mitambo mikubwa, si kwenye laptop iliyoibwa stendi. Lakini lilionyesha taarifa za mkimbizi zina thamani gani kwa mtu mbaya, na kwa aliyekimbia watu wenye silaha, jina na namba ya nyumba kambini ni jambo la uhai.

Ndiyo maana diski za kompyuta za namna hiyo husimbwa. Nywila ya kuingilia Windows, peke yake, hailindi kilichomo kwenye diski. Mwenye bisibisi hulegeza skrubu za chini, huchomoa diski, huichomeka kwenye kompyuta nyingine na kusoma faili moja baada ya jingine, kwa kuwa nywila ile haikugusa maandishi yenyewe. Diski iliyosimbwa humpa mtu huyo vurugu tupu isiyosomeka. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na BitLocker, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007; Apple wana FileVault, na wanaotumia Linux wana LUKS. Katika kompyuta nyingi za Windows, ufunguo unaofungua diski hulindwa na kichipu kiitwacho TPM, kilichoko kwenye bodi kuu ya kompyuta. Kila unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kichipu hukagua iwapo hatua za uwashaji ni zilezile za jana. Kikiridhika, hutoa ufunguo na mtumiaji hata hajui kwamba kufuli lipo. Kisiporidhika, hukataa, na skrini ya buluu hutokea ikidai ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Hapo ndipo ofisi nyingi hugundua kwa mara ya kwanza kwamba diski yao ilikuwa imefungwa, na hapo ndipo hoja ya sura hii inapoanzia. Ninasema kwamba ufunguo huo ni waraka wa ofisi, wenye hadhi sawa na waraka mwingine wowote wa siri, na kwamba mahali pake ni masjala, kwenye karatasi.

Tuzitazame tarakimu zenyewe, maana zimepangwa kwa busara inayowafaa sana watu wa mbali. Ziko katika mafungu 8, kila fungu tarakimu 6, na kila fungu linagawanyika kwa 11 bila baki. Chukua fungu 283415: ni 11 mara 25,765 kamili. Aliyeko Dar es Salaam anapolisoma kwa simu na wa Kibondo akasikia 283416, hesabu inakataa papo hapo. Akibadilisha nafasi za tarakimu mbili zilizopakana, akaandika 283451, inakataa pia. Kosa la tarakimu moja au la kupindua tarakimu jirani hubainika ndani ya fungu lake, kabla hujaendelea na linalofuata. Aliyebuni mpangilio huu alijua kwamba siku moja tarakimu hizi zitaandikwa kwa mkono, zitasomwa kwa sauti kwenye laini inayokatika, na kuingizwa na mtu mwenye wasiwasi. Yaani ufunguo wa akiba uliumbwa tangu mwanzo uweze kukaa kwenye karatasi. Wanaoona karatasi ni ushamba mbele ya teknolojia waliangalie hilo kwanza.

Kichipu hukataa lini? Si mpaka mwizi aje. Hukataa programu ya msingi ya kompyuta inapobadilishwa, mipangilio ya uwashaji inapoguswa, au bodi kuu inapobadilishwa. Betri ndogo ya duara inayotunza saa na mipangilio ikifa, mipangilio inaweza kurudi ya kiwandani, na kichipu kikaona sura ngeni. Jambo hili lina uzito Kibondo na Kasulu, ambako hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020 umeme wa TANESCO ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na ambako kompyuta nyingi zina umri mkubwa na zimeshapita mikononi mwa mafundi kadhaa. Kukatika kwa umeme peke yake hakufungi diski. Lakini umeme ukikatika sasisho likiwa katikati, kompyuta huweza kuamkia kwenye ukurasa wa matengenezo, na kwenye ukurasa huo ufunguo huulizwa. Wakati mwingine chanzo hakiko Kigoma kabisa. Agosti 2022, na tena Julai 2024, masasisho ya Windows yaliyotolewa na Microsoft yenyewe yaliwafanya baadhi ya watumiaji wakutane na skrini hiyo bila kosa lolote la kwao. Ofisi iliyofuata kila agizo la usalama, ikasasisha kompyuta zake kwa wakati, ndiyo iliyokwama.

Hapa ndipo linapoingia neno ambalo kila fundi hulitaja: iwashe katika hali salama. Ushauri huo ni mzuri kwa ugonjwa wake. Katika hali salama Windows huamka na vitu vya lazima tu. Programu za ziada, viendeshi vya kadi za picha na vitu vingi vinavyojiwasha vyenyewe huachwa nje, ili fundi aone kama tatizo limo kwenye kilichoachwa. Kwenye Windows 10 na 11, ukishikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, utafika kwenye ukurasa wa matengenezo. Ukipita kwenye mipangilio ya uwashaji, bonyeza 4 kupata hali salama, au 5 kama unataka na mtandao. Kosa kubwa ni kudhani kwamba njia hii inazunguka kufuli. Faili za Windows zenyewe zimo ndani ya diski iliyosimbwa, kwa hiyo hali salama nayo haiwezi kuamka kabla diski haijafunguliwa, kama vile fundi wa paa asivyoweza kurekebisha bati akiwa bado yuko nje ya geti. Microsoft husema wazi katika maelekezo yake kwamba ukitaka kuingia hali salama kwa njia hii kwenye kompyuta iliyosimbwa, uwe na ufunguo wa BitLocker mkononi. Anayekuahidi kwamba hali salama itafungua diski iliyokataa, ama hajakutana na diski iliyosimbwa, ama anakuandaa kwa neno lake la pili, yaani kuifuta diski na kuweka Windows mpya. Kompyuta itapona kweli. Kumbukumbu za watu zitakuwa zimekwenda.

Ushahidi mkubwa kuliko wote wa jambo hili ulitokea Ijumaa ya 19 Julai 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili lenye kasoro kwa kompyuta za Windows za wateja wake. Saa 2:27 ililiondoa, dakika 78 tu baadaye, lakini kompyuta takriban milioni 8.5 zilikuwa zimeshaanguka na zikawa zinaanguka tena kila zikiwashwa. Dawa yake ilikuwa nyepesi ajabu: ingia hali salama, fungua folda ya kampuni hiyo ndani ya viendeshi vya Windows, futa faili linaloanza na C-00000291, washa upya. Kazi ya dakika chache. Kilichoifanya ichukue siku, na kwingine wiki, ni kwamba mtu alipaswa kuifikia kila mashine kwa mkono, na kwamba mashine nyingi zilikuwa zimesimbwa, hivyo zilidai tarakimu 48 kwanza. Kuna ofisi zilizokuwa zimetunza funguo zote kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka asubuhi hiyohiyo. Mwenye nakala ya karatasi hakuhitaji kuzisubiri seva hizo.

Mtu mwenye ujuzi atanipinga hapa, na ana haki. Katika siku zile mafundi walisambaziana njia ya kuingia hali salama bila ufunguo: unaruka swali la ufunguo, unafungua dirisha la amri, unaiagiza kompyuta iamke katika hali salama mara ijayo, unawasha upya. Ilifanya kazi kwenye mashine nyingi. Lakini angalia kwa nini ilifanya kazi. Kichipu kilikuwa bado kinaitambua kompyuta yake na kilikuwa tayari kutoa ufunguo chenyewe. Na hata baada ya hapo fundi alihitaji nywila ya msimamizi. Mahali ambapo kichipu kimekataa, kwa sababu bodi imebadilishwa au mipangilio imevurugika, njia ile haina msaada. Na hali hiyo ndiyo tunayoiona kwenye vibanda vya mafundi wa wilayani: laptop imeingia maji au imeungua bodi, fundi anachomoa diski nzima kabisa, anaichomeka kwenye mashine nyingine ili aokoe faili kama alivyozoea kufanya kwa miaka mingi, na diski inamjibu kwa kudai ufunguo. Kichipu kilichokuwa kikiifungua kimebaki kwenye bodi iliyoungua. Hakuna ustadi wa mikono unaoweza kuziba pengo hilo. Nyuma ya tarakimu 48 kuna biti 128, na idadi ya funguo zinazowezekana ina tarakimu 39. Kukisia hakuwezekani kwa mashine yoyote iliyopo leo.

Basi wapo wanaosema: kama kufuli linaweza kumfungia nje mwenye mali, tusifunge. Kauli hii nimeiona ikitetewa na watu makini, na kwa baadhi ya mashine wako sahihi. Kompyuta za maabara ya shule ya sekondari, ambazo wanafunzi hujifunzia kuchapa na hazina taarifa za mtu, zinaweza kubaki wazi bila hasara. Kwa zile zenye rejesta ya kliniki au faili la mtoto aliyepotezana na wazazi, jibu ni hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka mtunza taarifa azilinde zisiwafikie wasiohusika, na wakati huohuo azilinde zisipotee kwa uzembe. Sheria hiyo mara nyingi husomwa nusu tu. Ofisi inayoacha diski wazi inavunja upande mmoja. Ofisi inayosimba diski na kupoteza ufunguo inavunja upande wa pili. Mgonjwa wa Kifua Kikuu ambaye historia ya dawa zake imepotelea ndani ya diski isiyofunguka ameumizwa, hata kama hakuna mwizi aliyeisoma.

Pingamizi la pili ni la kisasa zaidi: ufunguo hujihifadhi wenyewe mtandaoni, karatasi ya nini? Ni kweli hujihifadhi, ila uliza kwa jina la nani. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwishoni mwa 2024, kompyuta nyingi zinazowekewa Windows upya husimba diski zenyewe mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huenda kwenye akaunti hiyo. Kwenye taasisi yenye idara kamili ya TEHAMA, akaunti ni ya taasisi na mambo yananyooka. Kwenye ofisi ndogo ya wilaya, aliyeifungua laptop kutoka kwenye boksi ni mtumishi mmoja aliyetumia barua pepe yake mwenyewe, na kuanzia dakika hiyo ufunguo wa mali ya umma uko mfukoni mwake. Mtumishi wa umma huhamishwa. Mkataba wa mradi huisha. Mwanzoni mwa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi katika nchi nyingi ilifungwa kwa notisi ya siku chache na wafanyakazi wakatawanyika. Kompyuta huhesabiwa, huwekewa namba ya mali, husainiwa. Ufunguo huondoka na mtu aliyekwenda kutafuta kazi Mwanza, akiwa ameshabadilisha hata laini ya simu. Hakuiba kitu. Hakuna aliyemuuliza. Na hata akaunti ikiwa hai, kuifikia kunahitaji intaneti, simu ya kupokea namba ya uthibitisho na kompyuta ya pili, vitu vitatu ambavyo siku ya matatizo huwa havikutani kirahisi.

Nasema masjala kwa sababu taasisi hiyo tunayo tayari na tunaifahamu. Kila halmashauri ina masjala ya wazi na masjala ya siri, ina mtunza kumbukumbu aliyesomea kazi hiyo, ina majalada yenye namba na daftari la kuonyesha nani alichukua nini na lini. Sheria Namba 3 ya 2002 ya kumbukumbu na nyaraka za taifa imeweka utunzaji wa kumbukumbu za umma kuwa wajibu, si hiari. Kilichokosekana ni kuzitambua tarakimu 48 kuwa ni kumbukumbu. Jalada moja latosha kwa ofisi nzima. Kwa kila kompyuta iwe karatasi moja: namba ya mali iliyobandikwa kwenye mashine, herufi na tarakimu 8 za mwanzo za utambulisho wa ufunguo, mafungu 8 kwa mstari wake kila moja, tarehe, na saini za watu wawili, mmoja akiwa amesoma na mwingine amehakiki. Utambulisho ule usidharauliwe. Skrini ya buluu huuonyesha, na ndio unaokuambia kwamba karatasi uliyoshika ni ya diski hii wala si ya laptop ya jirani. Nakala ya pili iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa katika jengo jingine. Shirika lenye ofisi Kibondo na Kasulu liweke za Kibondo Kasulu na za Kasulu Kibondo. Wanaotumia Linux waongeze jambo moja: kwenye LUKS, sehemu ya mwanzo ya diski inayobeba taarifa za funguo ikiharibika, hata nywila sahihi haifungui, hivyo nakala ya sehemu hiyo nayo itunzwe.

Je, karatasi haiwezi kuibwa? Inaweza. Ila karatasi peke yake haifungui chochote, inahitaji kompyuta yake. Na mwizi wa stendi aliyepata kompyuta hana karatasi iliyo kabatini. Hatari ya kweli ni vyote viwili kukaa pamoja, na kuna watu huubandika ufunguo chini ya laptop au kuukunja kwenye mfuko wa begi lake. Hao wamesimba diski bure. Ufunguo ukishasomwa kwa simu au ukionwa na fundi wa nje, ufutwe na utengenezwe mwingine. Ni kazi ya dakika chache na diski haihitaji kusimbwa upya. Tukumbuke pia kwamba kuiachia kampuni ufunguo ni kumwachia mtu wa tatu, ambaye mahakama ya nchi yake inaweza kumwamuru autoe. Kwa shirika linalowalinda watu waliokimbia serikali zao, hilo si jambo la kupuuza, na karatasi iliyo chini ya mamlaka ya shirika lenyewe ni salama kuliko akaunti ya mbali.

Limebaki pingamizi la wanaosema kwamba kufuli lenyewe huvunjika, kwa hiyo tunahangaika na nini. Februari 2024 mtafiti mmoja alionyesha kompyuta ya zamani ambayo ufunguo wake aliunasa ndani ya sekunde 43 kwa kifaa kisichozidi dola 10, kwa kusikiliza mawasiliano kati ya kichipu na bodi. Alichofanya ni kweli, na kinahusu mashine ambazo kichipu kimesimama peke yake kwenye bodi na hazidai namba ya siri kabla ya kuwaka. Kompyuta zenye taarifa nyeti sana ziwekewe namba hiyo. Lakini kipimo cha ulinzi kilingane na adui. Anayechukua begi kwenye basi anataka kuuza laptop, na mnunuzi wake hatakuwa na maabara. Kwake diski iliyosimbwa ni tupu.

Kwa hiyo ninawaomba wakurugenzi wa halmashauri, waganga wakuu wa wilaya na wakuu wa mashirika walioko Kibondo, Kasulu na Kakonko waongeze mstari mmoja kwenye hati ya makabidhiano: ufunguo wa diski umeonekana, umehakikiwa, upo jalada namba fulani. Mtumishi asisainiwe kuondoka kabla mstari huo haujajazwa. Na wewe msomaji, kabla hujakubali sasisho linalosubiri kwenye kompyuta ya ofisi yako, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na utazame. Zikitokea tarakimu 48, chukua karatasi na kalamu, uziandike leo, na kila fungu uligawanye kwa 11.